Moshi wa Kutuficha

Tulipogawana vitu vya Baba baada ya arobaini, mimi niliomba blanketi. Hakuna aliyeligombea. Lilikuwa blanketi zito la kijivu, lenye mistari miwili myekundu upande wa miguuni, na kwenye ukingo mmoja lilikuwa na matundu manne ya misumari. Nilipofika nyumbani nililikunjua nikaliweka puani. Limefuliwa mara nyingi, na Baba aliacha kuvuta sigara miaka mingi kabla hajafa, lakini ndani ya nyuzi zake nilisikia harufu ya tumbaku. Napenda kuhakikisha mambo, kwa hiyo nilimpa binti yangu alinuse bila kumwambia chochote. Alisema halinuki kitu. Nikaelewa kwamba harufu ile ninayo mimi, blanketi halina.

Wa rika langu watakumbuka kwamba zamani zile hatukuwa na jina la jambo hili. Mvutaji alikuwa ni yule aliyeshika sigara mkononi. Sisi wengine tulikuwa tumekaa tu.

Tulipanga chumba kimoja Temeke, chumba cha mbele, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati. Nilipokuwa mtu mzima nilirudi pale, nikaomba ruhusa, nikakipima: hatua nne kwa tatu na nusu. Humo tulilala watu wanne. Baba na Mama walilala kitandani; mimi na mdogo wangu Hawa tulilala kwenye godoro la sufi ambalo mchana lilisukumwa mvunguni. Nilikuwa darasa la pili. Hawa alikuwa na miaka mitatu. Dari lilikuwa la magunia yaliyopakwa chokaa. Dirisha lilikuwa moja, la mbao, likitazama mtaani, na juu yake palikuwa na matundu mawili ya hewa, kila moja la kutosha ngumi ya mtu mzima.

Baba alikuwa mtu wa Lindi, seremala wa vitanda na makabati. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vya manjano, na mimi nilidhani ni gundi ya mbao. Alivuta sigara zisizo na kichungi, asubuhi kabla ya chai, jioni baada ya chakula, na katikati sijui mara ngapi. Sikumbuki kumwogopa kwa hilo wala kulichukia. Sikio langu lilipouma, alinilaza pajani, akavuta, akanipulizia moshi polepole ndani ya sikio, kisha akaliziba kwa pamba. Moshi ulikuwa wa moto na ulinitekenya, na maumivu yakapungua, au niliamini yamepungua. Mama naye, mtu wa pwani hapa hapa, kila Alhamisi jioni aliweka ubani kwenye chetezo na kumpitisha Hawa juu yake mara tatu kwa ajili ya husuda na mashetani. Kwa hiyo kichwani mwangu moshi ulikuwa kama mlinzi wa aina fulani. Wa Baba ulitibu, wa Mama ulikinga.

Kisha vita vikaja. Vilikuwa mbali, mpakani, upande wa ziwa, lakini kwa mtoto wa darasa la pili mbali ni neno tu. Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Pazi, alipita mlango kwa mlango, amevaa kofia yake ya kitani, na kutoa maelekezo kwa sauti ile ile aliyotumia kutangaza siku ya kuzibua mitaro. Mwanga usionekane nje. Kila mwenye dirisha alizibe. Ikisikika ndege isiyoeleweka, watoto waingie mvunguni. Nilimwamkia, kisha nikamuuliza rubani atajuaje kuwa hii ni nyumba yetu.

Alinitazama kwa upole. "Mjukuu wangu, rubani hajui nyumba ya mtu. Anaona mwanga tu. Penye mwanga, anaangusha."

Alikusudia kunituliza. Lakini uwanja wa ndege haukuwa mbali na kwetu. Kila jioni ndege zilipita juu ya mabati zikishuka kwenda kutua. Kabla ya vita tulizikimbilia na kuzipungia mikono. Baada ya maneno ya Mzee Pazi nilianza kuzisikiliza. Nilijaribu kujifunza tofauti ya sauti ya ndege yetu na ya adui, na kwa kuwa sikuwahi kuisikia ya adui, kila sauti ingeweza kuwa yake. Nilikuwa nikilala kifudifudi, meno yamebana kona ya kanga, nikihesabu hadi sauti iishe. Sikumwambia mtu. Mkubwa wa watoto hakutakiwa kuogopa.

Baba alipigilia misumari minne juu ya dirisha, chini kidogo ya yale matundu, akatundika blanketi la kijivu. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na redio nzuri upande ule wa mtaa, kila siku ilipokaribia saa mbili wanaume walikuja kwetu kusikiliza taarifa ya habari. Mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kuanika betri juani mchana ili zipate nguvu. Walikuja watano, wakati mwingine saba. Walikaa kitandani, kwenye kigoda, wengine sakafuni wameegemea ukuta. Mlango ulifungwa kwa ajili ya mwanga wa chemli. Baba aliweka pakiti yake ya sigara juu ya stuli katikati, kama mtu anavyomwekea mgeni kahawa, na kila mmoja akachukua. Sigara za dukani zilipoadimika walikuja na tumbaku ya kusokota kwenye gazeti, na hiyo moshi wake uliwasha macho zaidi. Walivuta huku wameficha kichwa cha sigara ndani ya kiganja, hata humo ndani. Mama alikwenda kukaa uani na wanawake wenzake. Sisi watoto tulibaki kwenye godoro letu, kwa sababu uani kulikuwa na mbu na kulikuwa na anga.

Baba Mdogo Seif, mdogo wake Baba, kuli wa bandarini, alikuwa mtu wa mizaha. Siku moja moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba chemli ilionekana kama mwezi wenye utando. Mmoja akakohoa, akasema jamani tutakufa humu kabla ya bomu.

"Vuteni, nyie, vuteni," Baba Mdogo akasema. "Rubani akichungulia hapa ataona wingu tupu. Atadhani kafika Uluguru, ageuze aende zake."

Walicheka. Mimi sikucheka. Nililala pale nimemkumbatia Hawa, na kwa mara ya kwanza tangu Mzee Pazi apite nilihisi mwili wangu unalegea. Ilikuwa na maana. Rubani anaona mwanga. Wingu linaficha mwanga. Moshi ni wingu. Kumbe ndiyo sababu wanaume wote wanakuja kuvutia kwetu. Kumbe Baba anatukinga, na hasemi kwa kuwa mambo ya ulinzi hayasemwi mbele ya watoto.

Tangu siku hiyo nilianza kuuchunga moshi ule. Niligundua kwamba unatoroka. Nililala chali nikautazama unavyopanda kwenye magunia ya dari, unatambaa, kisha unanyooka kama uzi kuelekea kwenye yale matundu mawili na kutoka nje. Kesho yake mchana, Mama akiwa kisimani, nilipanda juu ya fremu ya dirisha, nikakunja magazeti ya Baba yale mazito, nikayasukuma ndani ya matundu kwa mpini wa mwiko mpaka yasionekane. Chini ya mlango nilikuwa nikiweka kipande cha kanga kila wanaume walipokwisha kuingia. Baba aliniona mara moja nikiweka kile kitambaa, akanisifu mbele ya wenzake kwamba huyu binti ana akili, anakumbuka mwanga. Sifa ile nililala nayo siku tatu.

Kifua cha Hawa kilianza kupiga filimbi siku chache baadaye. Sisemi kwamba hakikuwa na udhaifu kabla. Nimejifunza kutodai zaidi ya ninachokijua. Lakini najua nilichokisikia, kwa sababu sikio langu lilikuwa mgongoni mwake. Mwanzoni ilikuwa sauti nyembamba akitoa pumzi, kama mlango wa mbali usio na mafuta. Mama alisema ni mafua, akampaka mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu saumu. Kisha ikawa anapovuta na anapotoa. Bibi mmoja wa chumba cha pili alisema mtoto ameonwa na jicho baya, na Mama akaongeza ubani, mara mbili kwa wiki badala ya mara moja, mlango umefungwa ili dawa isipotee. Asubuhi Hawa alikuwa akiamka macho mekundu, hanywi uji, anakaa amepinda mbele na viganja juu ya magoti kama mzee aliyechoka kupanda mlima.

Mimi nilifikiri anaogopa ndege. Nilifikiri ameijua hatari kama mimi, na kwamba kifua chake kinalia kwa woga. Kwa hiyo jioni nilimnong'oneza asiogope, moshi ni mwingi leo. Na Mama alipopita akaacha mlango wazi kidogo, akisema humu hamkaliki, niliinuka nikaufunga.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, alfajiri imeshapita, kuku wako nje. Niliamshwa na ukimya. Filimbi ilikuwa imekoma, na nikafurahi kwa muda wa kugeuza shingo. Hawa alikuwa amekaa wima kwenye godoro. Mdomo ulikuwa wazi, na pale chini ya shingo palikuwa pakiingia ndani na kutoka, pakiingia na kutoka, na mbavu zake nilizihesabu zote. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau iliyooshwa. Alinitazama mimi. Hakulia, hakuwa na pumzi ya kulilia. Ninayo hofu nyingi ya kukumbuka katika maisha, na hakuna iliyofika pale.

Mama alimbeba kwa kanga, Baba akatangulia, mimi nikakimbia nyuma na kandambili mguu mmoja. Kwenye zahanati walituvusha foleni yote bila mtu kulalamika, na hilo ndilo lililoniambia hali ilivyo. Nesi alikuwa mama mnene, mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimchoma Hawa sindano, akamkalisha pajani mwake, akamwinamia akasikiliza kifua. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akanusa nywele zake.

"Mama, huyu mtoto analala wapi?" akauliza. "Kilabuni?"

Mama akainamisha uso. Wanawake waliokuwa kwenye benchi waligeuka. Baba, ambaye hakuwahi kunywa pombe maishani mwake, alisogea mbele na kujibu kwa heshima yenye makali. Alisema mtoto analala nyumbani kwao, na watu wa nyumba ile wanaswali. Nesi akamtazama vidole.

"Nani anavuta sigara chumbani?"

"Navuta mimi. Na wageni wangu."

"Basi na huyu anavuta."

"Nesi," Baba akasema, "mtoto ana miaka mitatu. Havuti."

"Anavuta, baba. Nyie mkitoa, yeye anaingiza. Mnamgawia bila kumpa kiberiti."

Sijui yule mama alilijulia wapi jambo lile. Kwenye ukuta wa zahanati kulikuwa na picha za inzi, za kuchemsha maji, za kunyonyesha. Ya moshi haikuwepo. Tabibu mwenyewe, aliyepita wakati ule kusaini daftari, alikuwa na pakiti mfuko wa shati. Nilipokuwa mtu mzima na kuanza kujisomea, vijitabu vya kuazima kwanza, kisha chochote kilichopita mkononi, nilitafuta sana mahali palipoandikwa maneno ya nesi yule, na ilichukua miaka kuyapata. Onyo lilipokuja kuandikwa kwenye pakiti lilimwonya mwenye pakiti. Aliyelala kwenye godoro hakutajwa.

Nesi aliuliza jambo moja zaidi. Aliuliza kama chumba kina pa kupitishia hewa.

"Kina matundu mawili," Baba akajibu. "Makubwa. Hayajazibwa."

Nilikuwa nimesimama kando ya kiti cha nesi, mguu mmoja peku juu ya saruji baridi. Ilitosha kusema neno moja. Niliona magazeti yale kwenye mwiko, nikaona kipande cha kanga chini ya mlango, na kwa mara ya kwanza vitu hivyo viwili nikaviona pamoja na mbavu za Hawa. Sikusema. Nilidhani nikisema watanichukua. Baba amekufa bila kujua kwamba siku ile alidanganya, na kwamba uongo wenyewe ulikuwa wangu.

Kabla hatujaondoka, nesi alimwambia Mama, polepole, lakini nilisikia: "Akirudi hapa hivi tena, sijui kama nitamuwahi."

Mchana kutwa Hawa alilala. Filimbi ilirudi, nyembamba, na Mama alisema afadhali ilie, ikilia tunajua yupo. Baba hakuvuta. Alikaa barazani akinyoosha kipande cha mbao kwa kisu bila kukifanya chochote. Lakini jioni ilipofika wageni walikuja kama kawaida, na hapo niliona jambo ambalo leo nalielewa kuliko nilivyolielewa wakati ule. Baba hakuweza kuwaambia. Mgeni hafukuzwi, na mgeni hakatazwi sigara chumbani mwa mtu ambaye jana alimgawia yeye mwenyewe. Aliwaambia mtoto ametoka zahanati, wakampa pole nzuri, za kweli. Kisha mmoja akawasha.

Baba akasema, huku akitazama sakafu, kwamba nesi anasema moshi si mzuri kwa watoto.

"Nesi gani huyo?" Baba Mdogo Seif akauliza. "Kaka, mie nimelelewa jikoni kwa mama, moshi wa kuni mpaka puani. Nimekufa? Si huyu hapa nakulia ugali wako?"

Wakacheka kidogo, kwa adabu, kwa kuwa kulikuwa na mgonjwa. Mwingine akawasha. Zilibaki dakika chache taarifa ianze.

Mama aliingia kutoka uani. Alipita katikati yao akiwaomba radhi kwa kuruka miguu yao, akaishika redio ya Baba, ambayo hakuwahi kuigusa hata kuifuta vumbi, kwa kuwa vumbi lake alilifuta Baba mwenyewe, akaikumbatia kifuani kama mtoto, akatoka nayo. Tulimsikia akiiweka kwenye saruji ya baraza. Kisha akarudi akasimama mlangoni.

"Shemeji, redio iko nje," alimwambia Baba Mdogo. "Karibuni barazani. Sigara zenu chukueni."

Nilimtazama Baba, nikangoja amwadhibu. Baba akainuka, akachukua ile pakiti juu ya stuli, akatoka nayo, na wengine wakamfuata mmoja mmoja kwa kuwa kengele ya taarifa ya habari ilikuwa imeanza kulia nje. Baba Mdogo alikuwa wa mwisho. Alimwambia Mama kwamba leo amevuliwa kofia na mwanamke. Hakuwa na hasira. Mama akazima chemli, akaenda zake uani.

Nikabaki na Hawa gizani. Moshi wa sigara mbili tatu ulikuwa bado unaelea darini, hauna pa kutokea. Nilijua ulipo na nilijua kwa nini. Nje ya blanketi kulikuwa na anga lote. Ndani kulikuwa na pumzi ya mdogo wangu, ambayo kila mara ilisimama kidogo juu kabla ya kushuka, kama mtu anayetafuta ngazi kwa mguu. Nesi hakuniambia kwamba ndege hazitakuja. Hakuna aliyeniambia hivyo. Chemli ilikuwa imezimwa, lakini mimi niliamini wingu la moshi kuliko giza. Kwa hesabu yangu, na bado naiheshimu hesabu ile kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo, nikiyazibua matundu tutaonekana na tutauawa wote nyumba nzima. Nikiyaacha atakufa Hawa peke yake.

Nilipanda kwenye fremu. Gazeti la kwanza lilitoka kwa shida, lilikuwa limekwama, nikalivuta kwa kucha. La pili likatoka lote kwa pamoja, na baridi ya nje ikanigusa uso. Kisha nikaling'oa blanketi kwenye msumari mmoja na kusukuma ubao wa dirisha kiasi cha mkono. Nikashuka, nikaenda kulala kwenye godoro, nikangoja.

Ilikuja. Ilianzia mbali, upande wa bahari, chini chini, ikawa inakua. Barazani redio iliendelea kusema. Nilijua ni muda wa ndege ya jioni, na nilijua pia kwamba adui angechagua muda huo huo ili atudanganye. Ningeweza kufika dirishani kwa hatua mbili. Mabati yakaanza kutetemeka. Nilimlalia Hawa, nikamfunika kichwa kwa mikono yote miwili na mwili wangu wote, nikafumba macho, na sauti ikajaa chumba chote pale moshi ulipokuwa, ikajaa mdomoni mwangu, ikapita juu yetu, ikaendelea kushuka kuelekea uwanjani, ikaisha.

Chini yangu kitu kilisukuma.

"Dada," Hawa akasema, "unanibana."

Nikasogea, apate hewa.